Sapraizi ya Tabby wa Keki

Hapa Kimbo, Ruiru, hakuna jambo la maana linalofanyika bila Tabby kujua uzito wake kwa kilo. Ukibatiza mtoto, ni keki ya kilo mbili. Ukienda kuposa, ni kilo tano, na ya wakwe kando. Mwanao akifaulu kwenda chuo, ni kilo tatu yenye kofia nyeusi juu, hata kama bado hajafika getini. Kuna jirani yetu aliyeagiza keki ya kusherehekea kupata hati ya kiwanja chake, na wewe ukijua habari za viwanja vya Ruiru hutamcheka.

Mimi naitwa Kaluki, mtaani Mama Kiilu. Nauza nguo za mitumba Githurai 45, naishi mlango wa pili kutoka kwa Tabby, na kazi yangu katika biashara yake imekuwa ni kushika. Nashika boksi asijikwae, nashika mlango apite, nashika ulimi wateja wanapoongea. Hiyo ya mwisho hainiendei vizuri.

Tabby hakuzaliwa mwokaji. Alikuwa akishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo. Nasema mifuko, si suruali nzima. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani akiwa bingwa wa mfuko wa kushoto katika kaunti nzima ya Kiambu, na cha ajabu hakuna aliyekuwa akiutafuta mfuko wa kushoto. Waliomwokoa ni akina mama wa kanisa na mafunzo yao. Walifundishwa kutengeneza sabuni, mandazi, na keki ya sufuria: unatia mchanga kwenye sufuria kubwa, unaweka ndogo ndani, unafunika, unapanga makaa juu ya kifuniko, halafu unamwachia Mungu. Wenzake waliishia kwenye sabuni. Tabby alienda nyumbani akaunguza keki mfululizo mpaka mumewe, Githinji, akaanza kuja kwangu kuuliza kama tumebakisha githeri.

Leo ana oveni ya gesi inayokula nusu ya jikoni, na keki yake ya mananasi ya Thika inajulikana mpaka Kiuu. Nimeona kwa macho yangu mzee wa kanisa akilamba karatasi iliyofungiwa kipande, akidhani tumeinamisha vichwa kwa maombi.

Mgeni huenda asijue kwamba huku kwetu keki hailiwi kabla haijaelezwa. Kisu hakijagusa kitu, mwokaji anaitwa mbele, anapewa kipaza sauti, anawaambia watu kilichomo na maana yake. Unga ni upendo, kwa sababu unashikilia vyote. Sukari ni maneno matamu nyumbani. Mayai ni uvumilivu, kwa sababu hupigwa sana. Haya mayai nimeyasikia Tabby akiyaeleza miaka mingi. Kwenye harusi ni uvumilivu, kwenye ubatizo ni uzima mpya, na siku tuliyomuaga polisi mmoja aliyestaafu, mayai yalikuwa usalama wa raia. Hakuna anayeuliza swali. Watu hutikisa vichwa huku wakitazama kisu.

Baada ya maelezo, keki hugawanywa kwa itifaki. Sehemu ya juu huenda kwa wakwe, ya kati kwa wazee wa kanisa na kamati, na sisi raia hupata vipande vya ukubwa wa ile sabuni ndogo ya gesti, vimechomwa vijiti vya meno. Anayekata ni Tabby mwenyewe, maana hakuna mwingine awezaye kuifanya keki moja iwatoshe watu wote wa Kimbo na jamaa zao waliosikia kuna pilau. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hao wahenga hawakuwahi kuhudhuria sherehe ya Ruiru. Mwenye kisu huku kwetu hubaki na ubao mtupu na kitambaa cha kuupangusa.

Basi mwaka huu Tabby alikuwa akitimiza miaka hamsini, na mtaa ukaamua, jambo la kushangaza, kumkumbuka.

Ukisema mtaa, unasema Mzee Muriithi. Huyu ni mwenyekiti wa kila kitu: maji, usalama, ujenzi wa choo cha kanisa, na mazishi. Alistaafu kazi ya serikali, lakini kazi ya serikali haikustaafu ndani yake. Alitufungulia kikundi cha WhatsApp cha kupanga sapraizi. Nasema alitufungulia, lakini ukweli ni kwamba alichukua kikundi cha mazishi ya Mzee Kahiga, akamwongeza Githinji na binti yao Shiko, akaanza mikutano. Jina hakubadilisha. Kwa hiyo kwa wiki tatu nilikuwa nikipangia rafiki yangu sikukuu ya kuzaliwa chini ya maneno "Mazishi ya Kahiga (Usafiri na Chakula)". Watu wengine waliomo ndani waliendelea kuandika pole kwa familia.

Mkutano wa ana kwa ana ulifanyika katika hoteli moja karibu na stage ya matatu ya Kimbo, juu ya chai na mandazi. Mambo yalienda haraka. Hema, nyuma ya kanisa. Pilau, akina mama. Soda, Githinji. Kisha tukafika kwenye keki, na Mzee Muriithi akavua miwani, ishara kwamba hekima inakuja.

"Nani ndiye mwokaji bora hapa Kimbo?" akauliza.

"Mama Shiko," tukajibu sote. Huku kwetu Tabby ni Mama Shiko, jina la Tabby ni la kwenye kadi na la nyuma ya mgongo.

"Na je, Mama Shiko anastahili keki bora au keki hivi hivi?"

"Keki bora."

"Basi kwisha. Tutaagiza kwake."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Nikatazama kando ya meza nikaona ninacheka peke yangu. Mama mmoja alikuwa tayari anaandika.

"Mzee," nikasema, "unataka huyu mwanamke ajiokee keki yake mwenyewe? Ya sapraizi?"

"Hatajua ni yake. Ndiyo maana inaitwa sapraizi."

"Aki hiyo ni poa," akasema Shiko, ambaye yuko chuo kikuu na anasomea biashara. "Juu mum akionja keki ya mtu mwingine ata-judge mpaka jioni. Wacha tu aoke, tunamshow ni ya mamake mtu."

Nikawaambia kuna waokaji wengine. Nikamtaja Ndila wa Kiuu. Hapo ndipo chai ilipopoa. Ndila ni Mkamba kama mimi, tena ni binamu yangu upande wa mama, na Mzee Muriithi alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeona madhambi mengi ya serikali.

"Mama Kiilu, tafadhali. Tusilete ukabila kwa keki."

Lakini kabila halikuwa shida. Shida ilikuwa ubatizo mmoja wa Githurai, ambapo upande wa baba uliagiza kwa Tabby na upande wa mama ukaagiza kwa Ndila. Keki mbili, meza moja. Ya Tabby iliisha, ya Ndila ikabaki. Tabby akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba zile si keki, ni mawe ya Ndarugo, mtu anaweza kujengea ploti. Maneno hayo yalifika Kiuu kabla ya Ndila kufika. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili husalimiana kanisani tu, kwa sababu pasta anatazama.

Nikamgeukia Githinji. Huyu anauza vipuri vya pikipiki Ruiru mjini, ni mpole, na maneno huyatoa kama mtu anayeyanunua kwa rejareja. "Baba Shiko, wewe unasemaje? Huyu ni mke wako."

Alikoroga chai muda mrefu. "Kusema kweli," akasema, "akisikia nimenunua keki kwa Ndila, mimi nitahamia dukani."

Basi ikapita. Wakaongeza kwamba huduma iwe kamili, yaani alete, apange, aeleze, akate, agawe, kama kawaida yake. Nilipinga hadi mwisho, na kwa kuwa hakuna aliyeliandika hilo, naliandika mimi hapa.

Ijumaa mchana nilikuwa jikoni kwa Tabby, nimeshika mfuko wa krimu huku yeye akizungusha keki polepole na kuchora maua ukingoni. Alikuwa ameagizwa keki hiyo kwa simu na sauti ya mwanamke asiyemjua, ambaye kwa hakika alikuwa mke wa Muriithi ameziba pua. Mananasi yalikuwa yanatoa harufu ile ya kumtoa mtu kwenye mfungo.

"Mama Kiilu, huyu mama ni nani kwani?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. Mungu ananijua.

"Wamesema niandike 'Mama Yetu, Hamsini na Bado'. Watoto wake wanampenda, ona. Na ni kesho. Siku yangu kabisa."

"Haiya! Hata wewe ni kesho?"

"Hata mimi. Hamsini." Alichora ua lingine, akalitazama, akalikwangua. "Baba Shiko hajasema kitu. Shiko naye anashinda kwa simu. Si mbaya, wana mambo yao."

Nikatazama ukuta. Ukuta wa Tabby una kalenda ya duka la mifugo, na ng'ombe wa mwezi huo alikuwa akinitazama kama anayejua kila kitu.

"Unajua mimi ningetaka nini?" akasema. "Si zawadi. Ningetaka kukaa kwa kiti, mtu aniletee keki kwa sahani. Keki sijaoka mimi. Nisijue imewekwa nini. Hii yangu naijua, nimeionja tangu ikiwa uji, sina hamu nayo tena. Nataka nile kama mgeni. Hata kama ni mbaya, aki, hata kama ni mbaya."

"Si uagize basi?"

"Kujiagizia ni kula kama mgeni?" Akacheka. "Hakuna mtu anaweza kunipikia keki mimi. Wananiogopa. Kinyozi hajinyoi, Mama Kiilu, na wengine nao wanaogopa kushika kichwa chake."

Niliumia. Sitazunguka. Nilitaka kumtupia mfuko wa krimu na kumwambia ukweli wote, na nilijua nikimwambia nitamharibia na hicho kidogo alichopangiwa. Nikasema nimesahau nguo kwenye kamba, nikatoka. Sikuwa na nguo kwenye kamba.

Nje niliandika kwenye "Mazishi ya Kahiga": "Amesema anataka keki ambayo hajaoka yeye. Amesema kwa mdomo wake." Mzee Muriithi alijibu "Noted" na mikono miwili ya kuomba. Mtu mwingine akaandika "Poleni, Mungu awafariji".

Basi nikampigia Ndila. Sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira tu, na hasira ya Kikamba hutafuta masikio ya Kikamba. Nilimwambia yote: kamati, keki, yule mke wa Muriithi na pua yake, na maneno ya Tabby jikoni. Nilitarajia acheke. Akasema tu "Haya", akakata simu. Nikajua nimekoroga mambo, kwamba nimemkumbusha yale mawe.

Jumamosi tulibebwa na tuktuk mpaka kanisani, nimepakata keki ya chini kama mtoto mgonjwa. Hema lilikuwa limejaa lakini kimya kabisa, jambo ambalo peke yake lingemshtua mtu yeyote anayetujua. Tabby hakushtuka, maana alikuwa kazini. Alivaa aproni, akapanga keki tatu juu ya stendi zake, akarudi nyuma, akakunja jicho moja, akanyoosha kitambaa cha meza.

Mke wa Muriithi akamnong'oneza, pua ikiwa huru sasa: "Mama anafika sasa hivi. Tukisema moja, mbili, tatu, wote tunasema sapraizi. Hata wewe."

"Sawa," akasema Tabby, akatazama lango la hema.

Moja, mbili, tatu. Hema zima likapasuka: "Sapraizi!" Na Tabby, mikono juu, akaangalia langoni akapaza sauti kuliko wote: "Sapraizi!" Kisha tena, "Sapraizi!", kwa sababu langoni hakukuwa na mtu, akadhani mama hajasikia. Alikuwa amefika ya tatu alipogeuka akaona watu wote wamemwelekea yeye, simu zao juu, na Shiko analia.

"Ni wewe, mum!"

"Mimi nini?"

"Birthday ni yako!"

Nitasema ukweli hata kama unaharibu hasira yangu: uso wake uling'aa. Alijishika kifua, akasema "Ngai", akamtafuta Githinji kwa macho, na Githinji alikuwa amevaa ile suti ya harusi yao ambayo sasa vifungo vinaifanyia kazi ya ziada. Wanawake wakapiga vigelegele vya Kikuyu, vile vitano vya mtoto wa kiume badala ya vitatu vya msichana, maana kwa furaha hakuna aliyehesabu. Hata mimi nilipiga. Kisha Tabby akageukia meza.

"Kwa hivyo hii keki..."

"Ni yako!" akanguruma Mzee Muriithi kwenye kipaza sauti. "Keki bora kwa mama bora!"

"Hii niliyooka jana?"

"Sapraizi!" wakaitikia watu.

Akatabasamu. Nimemjua Tabby miaka mingi, na lile lilikuwa tabasamu la kumpokea mteja anayesema keki ni nzuri lakini angetaka rangi nyingine. Mzee Muriithi hakuliona. Alikuwa anatafuta karatasi yake ya programu.

"Na sasa," akasema, "kama ilivyo desturi, tutamwomba mwokaji aje mbele atueleze keki."

Nilidhani hata yeye atasikia alichosema. Wapi. Tabby akapewa kipaza sauti, akasimama kando ya keki yake, kwenye sherehe yake, na aproni yake. Akaeleza unga. Akaeleza sukari. Alipofika kwenye mayai alisita kidogo, akayaangalia yale maua ya krimu.

"Mayai," akasema, "ni mayai."

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja nyuma akasema amina.

Kukata kukaja. Shiko akamlisha mamake kipande kwa ajili ya picha, na Tabby akatafuna kama mtu wa afya ya jamii aliyekuja kukagua hoteli. "Sukari imezidi kidogo," akasema chini chini. Halafu akina mama wawili wa kamati wakachukua kisu ili, kwa maneno yao, mwenye sherehe apumzike. Walikata kipande cha kwanza kikubwa kama tofali, cha pili kikubwa zaidi. Tabby alikuwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa riboni, na nilimwona akihesabu kwa macho vichwa vya watu hemani, akigawanya, akikosa raha. Hakufika kipande cha nne. Alisimama.

"Leteni hapa," akasema. "Watu wa nyuma watakosa."

Hakuna aliyemlazimisha, na ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kwenda. Nilimwambia, "Mama Shiko, kaa!" Akaniambia nishike sahani. Nikashika. Kazi yangu ni kushika.

Akagawa. Wazee wa kanisa. Upande wa Githinji, waliokuja kutoka mbali. Kamati, iliyofanya kazi ngumu ya kukutana. Kisha wageni, wakaja kwa heshima zote wakichukua kimoja cha kula na kimoja cha "mtoto amebaki nyumbani", kinafungwa kwenye kitambaa cha karatasi na kutiwa mkobani. Ukihesabu watoto waliobaki nyumbani siku hiyo, Kimbo ingehitaji shule nyingine. Mzee Muriithi alipeleka viwili kwa mtoto wake, ambaye ana miaka thelathini na minne na anafanya kazi benki. Kila mtu alimwambia Tabby, "Umetubariki, mama, happy birthday," na Tabby akasema asante, akachoma kijiti kingine.

Wakati wote huo Ndila alikuwa ameketi kiti cha mwisho karibu na kamba za hema. Nilimwona alipoingia, na gauni lake la kanisani na kikapu kilichofunikwa leso, nikaomba kimya kimya pasiwe na vita. Hakupanga foleni. Alikaa tu, kikapu mapajani, akimtazama Tabby akikata.

Mwishoni ulibaki ule ubao wa rangi ya fedha na makombo. Zawadi zilikuwa zimetolewa, maombi ya kufunga yameombwa na mtu aliyeomba mpaka habari za barabara, watu wanapakia sufuria. Tabby alikuwa kwenye mfereji nyuma ya kanisa akiosha kisu chake. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa, sina la kumwambia. Aliniangalia akasema, "Imekuwa sherehe nzuri, Mama Kiilu. Usikunje uso hivyo. Walinikumbuka." Na alikuwa anasema kweli, hapo ndipo paliponichoma.

Ndila akaja. Akapita katikati ya viti vilivyopinduliwa, akasimama mbele ya mfereji. Tabby alifunga maji. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake, nami nikasogea karibu kidogo, huwezi kujua.

"Mama Shiko," akasema Ndila.

"Mama Mutisya. Hata wewe ulikuja. Umepata keki?"

"Sikuja kula keki yako." Akachukua kiti cha plastiki, akakipangusa kwa leso, akakiweka chini. "Kaa."

"Niko na kazi kidogo nimalize..."

"Nimesema ukae. Kaluki, mchukulie hicho kisu."

Nikamchukulia. Tabby akakaa, nadhani kwa mshangao tu. Ndila akafungua mfereji, akajaza jagi, akamimina maji polepole juu ya mikono ya Tabby kama anavyomiminiwa mgeni mezani, akampa kitambaa. Kisha akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na sahani ya udongo, ile ya wageni, na keki ndogo ya mviringo isiyo na maua, isiyo na maandishi. Imepasuka juu. Upande mmoja ulikuwa umeshika moto zaidi.

Tabby aliitazama. "Umeoka lini?"

"Jana, baada ya simu ya huyu," akanionyesha kwa kidevu. "Mimi nilifikisha hamsini mwaka juzi. Nilioka yangu mwenyewe, nikakata, nikagawa, nikarudi jikoni nikala ugali. Hata watu wangu hawakujua kuna kitu wamekosea. Asi, hata mimi sikujua, mpaka Kaluki aliponiambia ulichosema." Akakata kipande, akakiweka kwenye sahani, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Happy birthday."

Tabby alishika sahani lakini hakula. "Hujaeleza keki," akasema.

"Hii haina maelezo. Kula."

Akala. Alitafuna muda mrefu, na kwa kweli ilihitaji kutafunwa. Nilisikia. Ndila alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akisubiri kama mtu aliyekwisha kuambiwa mabaya zaidi ya hayo.

"Ndila," akasema Tabby, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi wala hakuyafuta, "imekauka."

"Najua."

"Na siagi umeibania."

"Najua."

Tabby akameza. Akajiegemeza kwenye kile kiti cha plastiki, akanyoosha miguu, akamrudishia sahani.

"Niongezee," akasema.